Maksai Aliyebaki

Botswana nilikwenda kama mchezaji wa akiba. Chuo chetu kilikuwa kimechagua wanafunzi sita wa mifugo wakajifunze kunenepesha ng'ombe wa nyama, na jina langu lilikuwa la saba. Mmoja wao pasipoti ilimchelewea, nikapanda ndege mimi. Mwalimu wetu aliniaga kwa maneno machache: ukianguka mtihani wa vitendo kule, hutahitimu na wenzako. Hakuwa anatania, maana yule hajui kutania.

Wenyeji walitupokea vizuri sana, ila walikuwa na imani moja iliyonitia hofu, kwamba kila Mkenya huzaliwa na fimbo ya kuchungia mkononi. Mimi ni wa Githongo. Kwetu ni kahawa na migomba, na shamba ni dogo kiasi kwamba ng'ombe akigeuka vibaya ameshaingia kwa jirani. Kwa hiyo anasimama bandani mwaka mzima, nawe ndiye unayemtafutia nyasi, ukamkatia na kumwekea. Nilijua kukamua tangu darasa la tano, lakini kuchunga sikuwahi hata siku moja. Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani, na umeletwa kwa ndege?

Wiki ya kwanza msimamizi wa shamba alinionyesha kundi la ng'ombe, kisha lango lililokuwa upande wa pili wa mbuga. Alikuwa mzee mrefu, na sote tulimwita Rra, kama wanaume wanavyoitwa kwa heshima kule, wanawake wakiitwa Mma.

"Wapitishe pale," akasema, akaenda zake.

Niliwatazama, wakanitazama. Nikafanya lile nililolijua. Nilikata nyasi, nikajaza mikono yote miwili, nikawaendea nikiwaita kwa Kimeru kama ninavyomwita ng'ombe wa mama. Walitimka kila upande. Wachungaji waliopanda farasi walihangaika hadi alasiri kuwakusanya.

Mwenzetu mmoja, kijana wa kule Embu ya chini kwenye ukame, aliyechunga mbuzi tangu ajue kutembea, alicheka mpaka akakaa chini.

"Aki wewe," akaniambia, "ng'ombe amesimama kwa nyasi na unampelekea nyasi? Kwani ni mgonjwa amelazwa hosi?"

"Wacha hizo. Kwetu ng'ombe ni wa heshima, hatembeitembei ovyo."

Huo ulikuwa ujasiri wa mdomo tu. Msimamizi yeye hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Kama ng'ombe huwajui, ulifuata nini huku?" Swali lile liliniuma kuliko kicheko.

Ndipo tukaelezwa mtihani. Kila mwanafunzi angepewa maksai mmoja, amlishe miezi mitatu kwenye zizi la peke yake, halafu maksai achinjwe, na daraja la nyama yake ndilo liwe alama ya mwanafunzi. Aliyefanya vizuri wiki ya kwanza angechagua kwanza. Bila shaka mimi nilikuwa wa mwisho. Maksai aliyebaki alikuwa mwekundu, mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama. Mchagua jembe si mkulima, nikajiambia, ingawa hapo hakukuwa na jembe la pili la kuchagua.

Lakini lango la zizi lilipofungwa, na yule maksai akasimama ndani akinisubiri nimletee chakula, nilijikuta natabasamu. Kazi hii niliijua.

Wenzangu walimwaga chakula asubuhi, mabua makavu ya mtama na unga juu yake, wakaondoka. Mimi nilikagua kilichobaki. Mama alinifundisha kwamba ng'ombe hujulikana kwa anachokiacha. Huyu wangu alilamba unga wote akaacha mabua, na tumbo likamharibikia, kinyesi maji matupu. Nikaomba panga na gogo. Nilikatakata mabua mafupi kama pingili ya kidole, nikayanyunyizia molasi, nikayachanganya na unga hadi asiweze kuchagua. Nilimpa kidogo kidogo, mara nne kwa siku, na mabaki niliyaondoa kabla hayajachacha. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu.

"Ng'ombe ana meno yake," msimamizi aliniambia akipita.

"Anayo, Rra. Namsaidia tu."

Mwezi wa pili manyoya yalilala, yakaanza kung'aa. Wa tatu ulipoisha, mgongo wake ulikuwa bapa kiasi cha kutua kikombe cha chai.

Siku alipochinjwa nililia. Niliingia choo cha kichinjio na gambuti zangu nyeupe, nikalia dakika mbili, nikanawa uso na kutoka. Sioni haya kusema hivyo, maana ng'ombe uliyemlisha kwa mkono wako unamzoea. Ndani ya chumba cha baridi nyama sita zilining'inia kwenye ndoano, na mkaguzi akapita na muhuri wake bila kujua ipi ni ya nani. Kwenye namba yangu mafuta yalikuwa meupe, yametanda sawasawa. Akaigonga muhuri wa daraja la juu kabisa. Kati ya zote sita, ni hiyo peke yake iliyoupata. Kijana wa Embu, aliyepata daraja la pili, alinipa mkono bila neno, na kwa mtu wa mdomo ule hiyo ni hotuba. Nilikuwa nimefuzu, na nilifuzu kwa kazi ya banda la mama yangu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta msimamizi zizini, ameinama kwenye gogo, panga mkononi.

"Mma," akasema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akakata fungu zima, jasho linamtoka, kisha akanisogezea. Niliyachukua yale mabua, nikayapima moja moja kwa kidole, wala sikuwa na haraka.

"Haya ni marefu, Rra," nikamwambia. "Kata tena."

Akakata tena.