Mwalimu wa Hesabu na Senene Wake

Leo nimehudhuria pindi la hesabu kwa roho mbaya tu.

Mtihani wa kidato cha nne uko mlangoni, na Mwalimu Projestus alituita shuleni Jumamosi hii turudie vekta. Mimi na rafiki yangu Adventina tukajificha kwenye migomba nyuma ya darasa, tukisubiri akate tamaa aondoke.

Mara huyo anapita, anaongea na mkewe kwenye simu.

"Mama Neema, usiwamalize hao senene! Hawa watoto nawajua, hawaji. Nachungulia darasani, nikikuta patupu narudi."

Jamani! Sisi tunamkwepa, kumbe naye anaomba tumkwepe akawahi panzi wake wa kukaanga!

Adventina akaniminya mkono. "Huyu leo hali senene."

Tukakata mbio katikati ya migomba, tukawazoa wenzetu waliokuwa wanapiga soga uwanjani. Mwalimu alipochungulia, darasa zima likasimama.

"Shikamoo mwalimuuu!"

Ule uso! "Marahaba" yenyewe ilitoka kwa unyonge.

Kila akitaka kufunga kitabu, Adventina ananyoosha mkono: "Mwalimu, hapo sijaelewa." Tatizo, ili upate la kuuliza lazima usikilize. Nikashtukia vekta zimeniingia, nakokotoa mwenyewe!

Jioni mwalimu akafuta ubao, machozi yanamlengalenga.

"Wanangu, nilikuwa nawadhania vibaya. Kumbe hesabu mnaipenda hivi! Basi kesho mkitoka kanisani, njooni tena."

Darasa zima likatugeukia mimi na Adventina.

Nyie mngekuwa sisi, mngejitetea vipi?