Filister Aliyepanga Kufukia Kabla ya Kuchimba

Mjane Filister wa kijiji cha Osiri ana mdomo, tena mdomo usio na likizo. Siku vijana wa dhahabu walipokuja kuomba kuchimba kwenye kashamba kake, hakuwauliza watapata kiasi gani. Aliwauliza, "Mkimaliza, mtaondokaje?"

Wakaangua kicheko. Bichage, kiongozi wao, akasema, "Mathe, sururu haijagusa ardhi, tayari unatufukuza?"

"Nyathina, mwanangu, jirani yangu ana mashimo manne. Ng'ombe wake wawili wamefia humo. Waliochimba wako wapi?"

Wote walijua jibu. Desturi ya wachimbaji ni hiyo: mshipa wa dhahabu ukikatika asubuhi, jioni wako kwingine. Na Filister hakuwa na shamba lingine la kupanda njugu. Usiache mbachao kwa msala upitao, na dhahabu ni mpita njia.

Basi akatoa masharti. Udongo mweusi wa juu urundikwe kando, naye mwenyewe akaupandia marando ya viazi vitamu ili mvua isiubebe. Mawe yasiyo na dhahabu yakae karibu na shimo, yasiuzwe kwa wenye malori ya kokoto. Na kamba ndefu, pamoja na gurudumu la kuvutia magunia, vilale nyumbani kwake kila jioni mpaka shimo litakapofukiwa. Bichage akakubali huku akicheka. Masikini, hakujua anakubali nini.

Baada ya miaka miwili mshipa ukakatika. Siku hiyo hiyo habari zikaja: dhahabu imeonekana upande wa Isebania! Vijana wakafunga virago, wakaja mbio kuchukua kamba. Wakamkuta Filister mlangoni, ufunguo shingoni, anamenya njugu.

"Mathe, tutachelewa! Wenzetu watamaliza yote!"

"Sepetu zile pale."

Wuololo! Walinuna, wakalalamika, Bichage akatishia kuvunja kufuli. Filister aliendelea kumenya, lakini wangevunja kweli, angewafanya nini? Bichage akatazama rundo la mawe. Lilikuwa hatua kumi tu kutoka shimoni. Akashusha pumzi.

"Haya, vijana. Ni kazi ya siku tatu tu."

Ilikuwa ya siku tisa. Filister aliwapikia ugali na omena, akawatania mpaka wakasahau kununa. Mawe yakaingia kwanza, yakashindiliwa, kisha udongo mweusi ukalazwa juu.

Jioni ya tisa akamrushia Bichage ufunguo. Akavua ndara, akatembea hadi katikati ya pale palipokuwa na shimo, akaanza kuruka kwa miguu yote miwili, mama wa miaka sitini na tatu, leso inadondoka, machozi ya furaha yanamtiririka.

"Mathe, utaanguka!" Bichage akapiga kelele.

"Nianguke wapi?" akajibu, akiruka tena. "Niambie wewe, shimo liko wapi?"