Karatasi ya Chini Haikatwi

Wapo wanaosema nimechanganyikiwa, na mie sibishani nao tena. Lakini hili limenitokea mwenyewe, hapa hapa Chanika, asubuhi jua likiwa limeshachomoza, akili zangu timamu. Natamani ingekuwa ndoto.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kutengeneza picha za karatasi za tabaka. Kama huzijui, ni hivi: unachukua mchoro kwenye kompyuta, mashine inakukatia manila za rangi mbalimbali, kila moja na matundu yake, kisha unazipanga moja juu ya nyingine na vipande vya sponji katikati. Picha inakuwa na kina, utadhani unaweza kuingiza mkono ndani. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, na karatasi nilizoharibu Mungu ndiye anajua. Mara wembe umezama mno, mara nimesahau kukandamiza karatasi kwenye ubao wake wa gundi, inachanika yote. Ila jambo moja nililishika tangu siku ya kwanza: karatasi ya chini kabisa haikatwi. Hiyo ndiyo inayobeba zote. Ukiitoboa, unaona ukuta.

Vipande vinavyodondoka alikuwa anaviokota mwanangu Zuhura, anavifanya wanasesere. Miaka sita, mtoto wangu wa pekee. Nyumbani ni nyuma tu ya fremu yangu ya biashara, kwa hiyo asubuhi nilikuwa namwacha uani na mama yangu mzazi.

Siku hiyo nimefagia mbele ya fremu, nimenyunyiza maji vumbi litulie, hata kukaa sijakaa, bibi mmoja kashaingia. Hakupiga hodi. Kavaa kanga mbili safi, zimepigwa pasi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa memori kadi.

"Nikatie hii, mwanangu."

Nikafungua mchoro. Karatasi nane. Na ile ya nane, ya chini, nayo ilikuwa na tundu.

"Bibi, hii ya chini huwa hatukati. Picha itaharibika."

"We ikate tu. Hiyo ndiyo niliyoifuata."

Moyo ulikataa. Niamini, ulikataa kabisa. Lakini nani asiyejua kwamba mteja wa kwanza wa siku harudishwi? Ndiye anayefungua baraka. Mama yangu kauza maandazi miaka yote kwa imani hiyo, na mie nimekua nayo. Nikakata.

Kwenye karatasi ya nane kikadondoka kipande kidogo, urefu wa kidole. Bibi akakiokota, akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Hizo nyingine baki nazo," akasema, akatoka.

Nikamfuata mlangoni nimuulize hata jina. Barabara nyeupe, hakuna mtu. Nikatazama chini, kwenye ule mchanga niliounyunyizia maji. Nyayo zilikuwa za kandambili zangu peke yake.

Nikarudi ndani, nikaanza kuzipanga zile karatasi. Kwa nini nilizipanga? Sijui, mikono ilijiendea yenyewe. Likatokea tenki la maji lenye mfuniko uliopasuka. Mlimao. Kamba ya nguo. Ngazi ya mlango wa jikoni iliyomeguka. Palikuwa uani kwetu! Na katikati ya uwanja, tundu lenye umbo la mtoto mwenye nywele za mabutu mawili, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna.

Nilikimbia. Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Mama, Zuhura yuko wapi?"

"Si huyo hapo anacheza," akasema, akanyoosha mkono bila kuinua uso.

Pale alipoonyesha palikuwa na kandambili moja.

Tumetafuta mpaka tumechoka. Msikitini wametangaza, kanisani wametangaza, polisi tumeandikisha, masheikh wamesoma. Masika mawili yamepita. Mama hagusi ungo tena.

Picha bado ninayo. Nilichonga kipande cha manila nikaziba lile tundu, kikakaa vizuri kabisa, nikalia siku nzima. Baada ya miezi kadhaa kikawa kinapwaya, kikadondoka. Nikakata kingine kikubwa kidogo, nacho kikaja kudondoka. Nimelipima kwa rula mara nyingi, nimempa na mama alipime. Tundu linarefuka. Linakua kama mtoto anavyokua. Sasa niambie wewe, mzazi unalala vipi ukijua hilo?

Unayeanza kazi hii, nisikilize. Mchoro usioujua umetoka wapi, ukague mpaka karatasi ya mwisho. Ukikuta ya chini ina tundu, mrudishe mwenyewe, hata awe mzee, hata awe ndiye mteja wa kwanza. Mie ningemrudisha yule bibi, ningekosa nini? Baraka ya siku moja.