Mchanga wa Chini ya Ukuta

Ukuta wa Nzomo haukuwa mchezo. Kwa miaka kumi na minne aliujenga kwa mawe ukingoni mwa Thwake, mto usije ukala shamba lake la michungwa. Kila kiangazi aliziba nyufa kwa saruji, na mchanga aliuchota papo hapo mtoni, chini ya ukuta. Aende mbali kutafuta nini?

Mvua kubwa ya 1997 iliponyesha, maji yaliingia kwenye mashimo yale ya mchanga, na ukuta ukaanguka mzima mzima. Michungwa ikafuata.

Akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi kijijini, walikuja mbio na karai zao kumsaidia.

“Ni mjinga gani alichimba hapa?” mmoja akafoka.

Nzomo, sepetu mkononi, aliutazama mchungwa wa mwisho ukienda na machungwa yake.