Miguu ya Mama Pindo

Kitu cha kwanza unachokiona kwa Mama Pindo ni miguu. Haitulii. Kwenye benchi la kanisa, kwenye foleni ya zahanati, hata mezani kwake akila, nyayo hupanda na kushuka kana kwamba chini yake kuna cherehani. Na mara nyingi kweli ipo. Ameshona sare za shule, mapazia na majoho ya kwaya tangu usichana wake, na jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa nguo aliyoikunja yeye huchakaa yote, pindo likabaki zima.

Jumanne hufunga duka mapema. Yumo katika kikundi cha diakonia cha usharika, wale wanaowahudumia wagonjwa majumbani, na mwaka huu alipangiwa nyumba ya Mwalimu, mpiga kinanda.

Kiharusi kilikuwa kimempoozesha Mwalimu miguu. Mikono ilirudi, miguu ikagoma. Na kinanda cha usharika ni kimoja tu, cha kizamani: usipokanyaga pedali zake mbili, hakipati upepo, na vidole hata viwe vya malaika havitoi sauti. Basi waumini wakawa wanaimba bila kinanda, kila benchi na mwendo wake, na Mwalimu akakataa kabisa kupelekwa ibadani.

"Mpishi akakae jikoni kutazama sufuria zimelala?" alimuuliza Mama Pindo. "Niache hapa hapa, mama."

Lililomuuma zaidi lilikuwa kipaimara. Tangu ujana wake ni yeye aliyewapigia watoto wimbo wa kuingilia siku hiyo, na safari hii mjukuu wake mwenyewe alikuwa miongoni mwao.

Jumanne moja Mama Pindo alikuwa ameketi akikunja mashuka ya mgonjwa, nyayo zikipanda na kushuka kama kawaida. Mwalimu alikuwa akipiga wimbo ule ule wa kuingilia kwenye ukingo wa meza. Mke wake aliyekuwa akipanga vikombe akasimama akawatazama, halafu akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mmoja anacheza juu, mwingine chini," alisema. "Nyinyi ni mtu mmoja aliyekatwa katikati."

Mwalimu hakucheka. Aliitazama miguu ya Mama Pindo kwa muda mrefu.

"Mwombe mchungaji ufunguo wa kanisa," alimwambia mkewe.

Jioni hiyo kanisani wakaketi benchi moja mbele ya kinanda, Mwalimu amesogezewa miguu kulia, Mama Pindo kushoto, nyayo zake kwenye pedali. Mwalimu akashusha vidole. Kinanda kikaguna, kikanyamaza, kikaguna tena, kama mzee mwenye kwikwi.

"Mama, unashona," Mwalimu alisema.

"Nashona nini, Mwalimu?"

"Suruali. Unakanyaga kwa miguu yote miwili pamoja, na kila mwisho wa mstari unasimama ukate uzi. Huku hakuna uzi. Tembea. Mguu huu, kisha huu, na usifike."

Ni rahisi kusema. Miguu iliyoshona miaka yote hiyo haifundishwi kutembea kwa jioni moja. Mama Pindo alivua viatu, akajifunza upya kama mtoto anayesimama dede. Akawa anazoea benchini na kusahau dukani, mpaka mteja mmoja akarudisha sketi.

"Mama Pindo, hili pindo limepanda mlima."

"Nipe nilifumue," alijibu, bila aibu hata kidogo. "Hilo limeshonwa na mpiga kinanda."

Alhamisi iliyopita walijaribu tena. Miguu ikaenda, huu, kisha huu, na upepo ukaja mfululizo kama maji ya bomba. Ubeti wa kwanza ukapita bila kwikwi, wa pili ukajaa kanisa zima. Mwanamume aliyekuwa akifagia akaegemeza ufagio akaanza kuimba sauti ya nne. Mke wa Mwalimu akapokea kwa sauti ya pili, machozi yakimtiririka naye hayafuti. Watu waliokuwa wakipita nje wakaingia, mmoja mmoja, na wote wakaimba kwa mwendo mmoja, kwa mara ya kwanza tangu kiharusi.

Wimbo ulipokwisha Mwalimu aliendelea kushikilia sauti ya mwisho, na Mama Pindo akaendelea kukanyaga. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

"Umefika?" Mwalimu akauliza.

"Sijafika."

"Vizuri. Usifike mpaka Jumapili."

Leo ni Jumamosi, kesho ni kipaimara. Kwa Mwalimu shati jeupe limekwisha kupigwa pasi, na mjukuu ameshalijaribu gauni lake mara tatu mbele ya babu yake. Dukani, mteja mmoja ameingia mbio na suruali mkononi, anaitaka jioni hii hii. Mama Pindo ameifunika cherehani kwa kitambaa, ameketi mlangoni peku, na miguu yake, jambo la ajabu, imetulia tuli.

"Njoo Jumatatu, mwanangu," anamwambia. "Leo naipumzisha miguu. Kesho ina watoto wa kuingiza kanisani."