Uzi Nilioukata Hamriya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikata uzi kwa mkasi, nikajiona hodari. Vijana, msicheke. Mkasi nilipewa, akili nilikuja na zangu.

Miaka ya tisini hiyo, kwenye matbaa ndogo ya Hamriya, Maskati. Kazi yangu ilikuwa kupanga maandishi kwenye kompyuta na kutoa pruf, yaani karatasi ya kukagulia makosa, kisha kumpelekea Meneja, Mhindi mzaliwa wa Unguja. Yeye na wenzake wakitunga haiku za mnyororo: mmoja anaandika mistari mitatu mifupi ya maisha ya kwao India, chai, treni, nguo kambani, mwenzake anadaka kitu kimoja humo, anakwenda nacho kwengine. Vikaratasi vyao walivitia kwenye uzi, kila kimoja nyuma ya mwenzake. Nikapewa nivichape, vikanisumbua, nikaukata uzi. Kisha nikavipanga vizuri: chai zote pamoja, treni zote pamoja.

Meneja alisoma pruf, miwani ikamshuka.

"Baba we, umenipangia meza ya sokoni? Nyanya huku, vitunguu huku?"

"Nimeona vimechanganyika, bwana."

"Mwenzetu yule muuguzi anarudi kwao India moja kwa moja, leo ana ndege. Magharibi anapita kuchukua mnyororo huu, ndiyo kwaheri yetu. Usipoungika, kesho usije."

Tukakaa sakafuni. Pangaboi tumeizima vikaratasi visiruke, jasho linatutoka, tunatafuta kipi kimedaka nini. Likabaki pengo moja. Kabla yake, sufuria ya presha inapiga filimbi, dengu zimo. Baada yake, kunguru kambani anajikung'uta maji. Cha katikati hakionekani, aliyekiandika yuko zamu kazini kwake, simu hapokei. Na adhana hiyo inaanza.

"Umekata wewe, unga wewe."

"Mie? Mie India sijafika, hata kutoka nyumbani sipendi!"

"Basi andika ulichokiona dirishani kwako."

Nikaandika:

Dengu zanukia;
mvua, na kwa jirani
kanga zingali nje.

Meneja akafuta kanga, akaandika sari.

Muuguzi alisoma amesimama, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Kilipofika kwangu kikasita. Nikautazama mlango.

"Huu wa nani?"

"Wa mgeni," akajibu Meneja.

"Mama yangu huziacha nje hivihivi," akasema Muuguzi, akautia mnyororo mkobani taratibu.

Kesho yake nikaenda kazini. Baadaye nilihamishiwa mtaa wa Ghala, kwenye mitambo mikubwa, chini ya Msimamizi aliyeishinda mitambo kwa kelele, mpaka nikastaafu. Sasa nimekaa dirishani kwangu, cheo kinachonifaa hasa. Juzi nilimsomea jirani yangu wa tangu siku zile, Bi Zuwena, ubeti ule, nikingoja sifa. Akauliza sari hizo za nani. Nikamwambia ni kanga zake, za mvua ile.

Akasema: "Kumbe uliziona zinarowa, na mdomo unao, ukakaa kimya?"