Njahi Zilizokwenda Mwezini

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilipoolewa kwa Wameru wa Ruiri kutoka Kiritiri, kwetu Mbeere, nilikuja nazo zote. Nafundisha fizikia katika shule ya kutwa ambayo maabara yake ni chumba kimoja chenye sinki lisilo na maji. Mwaka ule mwalimu mkuu aliniambia, huku akikipima chumba hicho kwa hatua, kwamba tukishindwa tena katika mashindano ya sayansi atakigeuza stoo ya mahindi. Hakungoja hata nitoke ndipo apime.

Basi tukatengeneza chombo cha mwezini. Safari ya kwenda tuliiacha, maana kila shule huleta roketi ya kwenda. Sisi tulitaka kuonyesha kazi iliyo ngumu zaidi: roboti imekwisha kutua, binadamu hayuko, inachota udongo, inautia koponi, kisha inajirusha yenyewe kutoka mwezini kuurudisha duniani. Wasichana wangu wawili wa kidato cha tatu walitengeneza mkono wa roboti kwa sirinji na mipira ya dripu. Roketi ilikuwa chupa ya soda yenye maji kidogo, tukiijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Kichwani liliketi kopo dogo la mafuta ya kujipaka, na kwenye kifuniko tundu la kupokelea udongo. Tulipoijaribu uwanjani ilipita paa la madarasa, nami nikatamba siku nzima.

Jioni ya kuamkia mashindano niliipeleka nyumbani, nikaiweka mezani. Mama mkwe aliizunguka mara mbili. Mimi na yeye tunaongea Kiswahili, kwa sababu yeye anasema Kimbeere changu ni Kimeru kilichoharibika, na mimi nasema kinyume chake. Aliuliza kitu hicho kinaenda wapi. Nikamwambia kinaenda Kaaga kwenye mashindano, halafu mwezini, kuomba udongo kidogo. Akauliza mle koponi mna nini. Nikamwambia hamna kitu. Alinitazama vile hunitazama nikiunguza githeri, nami nikaenda kusahihisha vitabu.

Kesho yake mvua ya njiani ililowesha majivu tuliyokusudia yawe uso wa mwezi. Tulipofika Kaaga tukachimba udongo mkavu chini ya upenu wa ukumbi, tukaukubali kuwa mwezi. Mwamuzi alikuwa mzee wa koti la suti, mwenye kalamu tatu mfukoni. Mwalimu mkuu alisimama kando yake, mikono nyuma.

Mkono wa roboti uliinama, ukachota, ukamimina tunduni bila kutikisika. Wasichana wakahesabu kutoka kumi kurudi moja. Chupa ikapiga mluzi, ikapanda hadi usawa wa goti langu, ikasita kana kwamba imesahau kitu nyumbani, ikaanguka kifudifudi. Kifuniko kikafunguka. Ukamwagika udongo, likafuata kipande cha gazeti, kisha njahi, yale maharagwe meusi tunayowapikia wageni wa heshima, zimechambuliwa vizuri kabisa, zikabingirika hadi kwenye viatu vya mwamuzi.

Aliokota moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mwalimu, hii mmeitoa mwezini?"

Nilijua papo hapo ni kazi ya nani. Masikio yalinichoma kwa hasira. Alikuwa amezifunga kwa gazeti zisilie tukiibeba. Nikafungua mdomo niseme tumehujumiwa, na kilichotoka kikawa ukweli. Nilimweleza mzee yule kwamba mama mkwe alisikia tunatuma kopo tupu kwa watu tunaowaomba udongo, akaona aibu kwa niaba yangu. Kwao hakuna anayetuma chombo kitupu kwa watu, wala kukirudisha kitupu. Ukiletewa maziwa, ndoo inarudi hata na viazi viwili. Kwetu Mbeere ni vivyo hivyo, na nilipaswa kukumbuka.

Mwamuzi alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Alisema kila timu ina nafasi ya pili, na kwamba njahi tuziokote kwanza zisikanyagwe.

Mara ya pili chombo kilipita paa la ukumbi. Tukawa wa pili, na kwenye karatasi yetu aliandika kwamba ni sisi peke yetu tulioonyesha jinsi mzigo unavyoharibu safari. Mwalimu mkuu alininong'oneza kwamba mahindi yatatafutiwa mahali pengine. Nilijificha chooni nikalia kidogo kwa furaha.

Hotuba kali ya mama mkwe niliipanga njia nzima. Nilipofika nilimkabidhi kopo. Akalifungua, akasugua ule udongo mwekundu kwa vidole.

"Huu ni wa Kaaga," akasema. "Mimi nililima huko nikiwa msichana."

Nikamwambia kwamba njahi zake nusura zitunyang'anye maabara. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, uso umemshuka, nikaona ameumia kweli, na hotuba yote ikanitoka kichwani.

"Si ungeniambia inabeba ngapi," akasema. "Ningeweka chache."

Nilitaka kumjibu, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kupima.